Mihimili ya Hesabu: Historia Yake na Namna ya Kuitengeneza

Ninyi mliokusanyika katika darasa la kisomo pale Bwejuu, pamoja na wenzenu wa Paje, Jambiani na Michamvi, tunawakaribisheni tena. Somo hili limepigwa chapa ili aliyekosa kulisikia alisome, na aliyelisikia alisome mara ya pili kwa nafasi yake. Kabla hatujaanza, kila mmoja awe na daftari, penseli, rula, na chelewa kumi zilizochomolewa katika ufagio mkongwe. Mwenye ufagio akiuliza, msiseme kuwa ni redio iliyowatuma.

Leo tutasoma historia ya picha moja ya hesabu. Skulini huitwa grafu ya mihimili. Mhimili mnaujua: ni mti unaobeba kitu kizito kisianguke. Katika hesabu, mhimili ni mchoro mnene ulionyooka, na urefu wake unasimama badala ya namba. Namba ikiwa kubwa, mhimili ni mrefu. Namba ikiwa ndogo, mhimili ni mfupi. Jambo lenyewe ndilo hilo, na mtoto wa skuli hulielewa kwa dakika tano. Lakini mimi nasema kuwa watu wengi waliosoma mpaka chuoni hudanganywa na picha hiyo, kwa sababu huitazama bila ya kuiuliza maswali.

Siku hizi picha hizi ziko kila mahali: katika magazeti, katika simu za mkononi, katika kuta za vituo vya afya. Anapokuja mtu mkutanoni kueleza kuwa watu wameongezeka, au bei ya mwani imeshuka, au wagonjwa wamepungua, mara nyingi haleti namba tupu. Huleta mihimili ya rangi. Na wakati mwingine ni mihimili hiyo inayotazamwa pale inapoamuliwa kisima kichimbwe wapi na skuli iongezwe vyumba vingapi. Basi si mchezo. Asiyeweza kuisoma huwa anaamuliwa mambo yake huku akitazama.

Je, ni nani aliyeianzisha? Mtu anayetajwa kuwa ndiye wa kwanza kupiga chapa grafu ya mihimili kama tuijuavyo alikuwa Mskoti, jina lake William Playfair, aliyezaliwa mwaka 1759. (Wapenzi wa historia ya Unguja wasimchanganye na Playfair mwingine, aliyekuwa balozi wa Kiingereza hapa Zanzibar katika miaka ya 1860, na ambaye alishirikiana na mwenziwe kuandika kitabu juu ya samaki wa bahari yetu. Huyo alikuja nyuma sana.) Baba yake William alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo, akalelewa na kaka yake John, aliyekuwa mwanachuoni wa hesabu. John alimpa mdogo wake kazi ya kupima joto la hewa na kuliandika siku baada ya siku, kisha akamfundisha kuwa kitu chochote kinachoweza kuandikwa kwa namba kinaweza pia kuchorwa kwa mistari. Baadaye William aliajiriwa kuchora ramani za mashine kwa James Watt, yule fundi mashuhuri wa mashine za mvuke. Kwa hiyo alipogeukia hesabu za biashara, mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea rula na wino.

Mwaka 1786 alitoa kitabu mjini London. Kilikuwa ni kitabu cha ramani, lakini ramani zake hazikuonyesha nchi wala bahari, zilionyesha biashara. Karibu zote zilikuwa ni mistari inayopanda na kushuka kwa kufuata miaka. Ilipofika zamu ya Uskoti, akakwama. Alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu, tangu Krismasi ya 1780 mpaka Krismasi ya 1781. Mstari wa miaka hauchoreki kwa mwaka mmoja, kama vile kamba haisokoteki kwa usumba wa kiganja kimoja.

Alifanya nini basi? Aliandika majina ya nchi 17 zilizofanya biashara na Uskoti, zikiwamo Ireland, Urusi na Ureno, na mbele ya kila jina akalaza mihimili miwili: mmoja wa mali iliyoingia, mmoja wa mali iliyotoka. Angalieni kuwa mihimili yake ilikuwa imelala, haikusimama. Mwenyewe hakuithamini sana kazi hiyo. Aliandika kuwa ni duni kuliko picha zake nyingine, kwa sababu haionyeshi mwendo wa wakati. Hakujua kuwa ile aliyoichora kwa kukosa hesabu za kutosha ndiyo itakayoenea dunia nzima.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, miaka zaidi ya mia moja baadaye, tukaone picha hii ilivyotumiwa na watu waliokuwa na haja nayo kweli kweli.

Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa ya mataifa mjini Paris, Ufaransa. Bwana W. E. B. Du Bois, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Atlanta, alitaka kuonyesha huko hali ya Wamarekani weusi. Utumwa ulikuwa umefutwa Marekani mwaka 1865, yaani miaka 35 tu kabla ya hapo. (Kwetu Zanzibar amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitolewa mwaka 1897, kwa hiyo jambo hilo lilikuwa bichi zaidi huku kuliko kule.) Wapo waliosema kuwa watu waliotoka utumwani hawawezi kuendelea. Du Bois hakupeleka hotuba. Yeye na wanafunzi wake walichora kwa mkono, kwa wino na rangi, picha za hesabu zipatazo 60: ardhi waliyonunua, kazi walizofanya, watoto waliokwenda skuli.

Picha moja katika hizo inatuhusu sisi wa kisomo kuliko zote. Iliwalinganisha Wamarekani weusi na mataifa mengine kwa kipimo cha watu wasiojua kusoma na kuandika. Mataifa mengine alichora mihimili ya kijani, na wale Wamarekani weusi mhimili mwekundu, ili jicho liuone mara moja. Mtu aliyeingia ukumbini akidhani kuwa ule mwekundu ndio utakaokuwa mrefu kupita yote alikuta kuwa Romania, Serbia na Urusi, nchi za Ulaya, zilikuwa na mihimili mirefu zaidi. Hakuna maneno makali yaliyohitajika. Rangi moja tu, iliyowekwa mahali pake.

Picha nyingine yake ilikuwa na taabu ya namna tofauti. Alitaka kuonyesha wangapi wanakaa mijini na wangapi wanakaa mashamba katika jimbo la Georgia. Wa mijini, katika miji mikubwa, walikuwa kama 78,000. Wa mashamba na vijijini walikuwa zaidi ya 730,000. Kwa kipimo kimoja, mhimili wa mashamba haungetosha katika karatasi. Angeweza kuukata na kuandika namba pembeni. Hakuukata, aliupinda na kuuzungusha kama kamba iliyoviringishwa, mhimili wote ukaonekana. Wataalamu wa leo wengine huilaumu picha hiyo, maana urefu uliopindwa ni mgumu kuupima kwa macho. Lawama hiyo ina haki, lakini mimi napenda kuwa hakuikata. Bwana Du Bois aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki Accra, Ghana, mwaka 1963, akiwa na miaka 95.

Mmeona, basi, kuwa kuchora mhimili si kupima urefu tu. Kuna kuchagua: usimame au ulale, rangi gani, upi uje kwanza, na karatasi isipotosha ufanyeje. Tutajaribu wenyewe sasa, kwa hesabu zetu za hapa nyumbani.

Hesabu ya watu, au sensa kama inavyoitwa siku hizi, imefanywa Zanzibar mara nyingi. Tutaanza na ile ya mwaka 1948. Mwaka huo Unguja na Pemba kwa pamoja zilikuwa na watu kama 264,000. Mwaka 1958 walikuwa kama 299,000. Hiyo ilikuwa hesabu ya mwisho katika utawala wa Kiingereza. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, Muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, na hesabu ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano ikafanywa 1967: watu kama 355,000. Mwaka 1978 walikuwa pungufu kidogo ya 480,000. Mwaka 1988, kama 640,000. Mwaka 2002, kama 980,000. Mwaka 2012 walihesabiwa watu 1,303,569. Na katika sensa ya Agosti 2022, ile ambayo makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi badala ya makaratasi, walihesabiwa watu 1,889,773.

Chukueni chelewa zenu na rula. Kila milimita moja iwe ni watu 10,000. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni vipimo hivi, na kila mwanafunzi akate:

1948: milimita 26
1958: milimita 30
1967: milimita 35 na nusu
1978: milimita 48
1988: milimita 64
2002: milimita 98
2012: milimita 130
2022: milimita 189

Pigeni mstari mmoja ulionyooka chini ya karatasi. Huo ndio ardhi. Simamisheni kila uchelewa juu ya mstari huo, mguu wake ukiwa umegusa mstari hasa, na muache nafasi sawa kati ya mmoja na mwingine.

Sasa tazameni, msiharakishe. Uchelewa wa 2022 ni mrefu zaidi ya mara saba kuliko ule wa 1948. Kisha pimeni tofauti ya 2012 na 2022. Ni milimita 59. Pimeni na uchelewa mzima wa 1978: ni milimita 48. Maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa katika miaka kumi hiyo Zanzibar imeongeza watu wengi kuliko watu wote waliokuwapo visiwani mwaka 1978. Namba zenyewe zilikuwa mbele yetu tangu mwanzo, lakini ni wangapi kati yenu mliolitambua jambo hili kabla ya kukata chelewa? Hiyo ndiyo faida ya picha.

Lakini ipo hila ndani yake, na hila hii tumeiweka wenyewe. Tazameni ruka ya kutoka 1988 hadi 2002: milimita 34. Halafu ruka ya kutoka 2002 hadi 2012: milimita 32. Kwa macho ni karibu sawa. Mtu atasema, basi mwendo haukubadilika. Hesabuni miaka. Ruka ya kwanza ilichukua miaka 14, ya pili miaka 10. Tuliacha nafasi sawa kati ya chelewa, na kwa hiyo tukaficha miaka minne. Anayetaka kuwa mkweli aache nafasi kubwa zaidi mahali palipo na miaka mingi zaidi. Sogezeni chelewa tatu za mwisho kulia kidogo, mtaona picha inavyobadilika sura.

Kazi hii iliyotuchukua nusu saa, kompyuta huifanya kwa kufumba na kufumbua. Ziko programu nyingi za namna hiyo, na leo nitasema juu ya moja, kwa sababu haiuzwi: mtu yeyote aweza kuichukua bure, mwanafunzi wa Unguja sawa na profesa wa Ulaya. Jina lake ni herufi moja tu, R. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Majina yao yote mawili huanza kwa R, na pia walikuwa wakifuata lugha ya kompyuta ya zamani zaidi iliyoitwa S, iliyotungwa Marekani tangu 1976 na John Chambers na wenziwe. Mwaka 1995 waliiachia kwa leseni ya bure, watu wa nchi nyingi wakaingia kuitengeneza, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2000.

Inaitwa lugha kwa sababu huiandikia amri, nayo hutii. Lakini si lugha ya kusemezana. Ukikosea herufi moja haikuelewi, wala haibahatishi kama afanyavyo mtu. Sisi tunaisoma redioni, kwa hiyo hamwezi kuziona amri zenyewe. Ndiyo maana tumezichapa hapa:

watu <- c(264, 299, 355, 480, 640, 980, 1304, 1890)
miaka <- c(1948, 1958, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022)
barplot(watu, names.arg = miaka)

Mistari mitatu tu. Wa kwanza unasema: weka namba hizi ndani ya jina «watu». Namba ni kwa maelfu. 264 ni watu 264,000. Wa pili unafanya hivyo hivyo kwa miaka. Wa tatu unasema: chora mihimili, na chini yake andika miaka.

Nini hutokea? Mihimili minane hutokea, yote rangi ya kijivu, bila ya kichwa cha habari, na bila ya neno lolote kueleza kuwa hii ni hesabu ya watu au ya nazi. Pembeni kuna kipimo kinachoanzia 0 na kuishia 1500, na mhimili wa 2022 unapita juu ya kipimo hicho kama mnazi uliopita paa la nyumba. Mashine haikukosea. Imefanya uliyoiambia, na yale usiyoiambia imeyajaza kwa desturi yake yenyewe. Desturi ya mashine haijui Bwejuu wala haijui msomaji wako.

Hapo ndipo kazi ya mtu inapoanza. Ukiongeza ndani ya amri ile ya tatu maneno ylim = c(0, 2000), kipimo kitafika 2000 na mhimili mrefu utakuwa na cha kuupimia. Neno main huandika kichwa cha habari, nawe waweza kukiandika kwa Kiswahili. Neno col hutia rangi. Unaweza kuiacha yote kijivu na kutia rangi mmoja tu unaotaka utazamwe, kama alivyofanya Du Bois na ule mwekundu wake. Ila mkumbuke kuwa wako watu, khasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na kuwa karatasi ikitolewa nakala nyeusi-nyeupe rangi zote hufa.

Vipo vitu viwili nitakavyovieleza kwa urefu zaidi, kwa kuwa vinawapoteza watu wengi.

Cha kwanza ni kipimo kisichotajwa. Zamani wafanyabiashara wa boriti hapa pwani walikuwa wakihesabu kwa korija, na korija moja ni 20. Mtu akisema ana sita, ilibidi uulize: boriti sita, au korija sita? Maana korija sita ni boriti 120. Mihimili yetu ina taabu hiyo hiyo. Asiyeambiwa kuwa namba ni kwa maelfu atasema Zanzibar ya mwaka 1948 ilikuwa na watu 264, ambao hata kijiji kimoja hawakijazi. Na ukizitia namba kamili bila ya kuzifupisha, mara nyingine kompyuta huziandika kwa mtindo wake wa mkato: 1e+06, ikiwa na maana ya moja ikifuatwa na sifuri sita, yaani milioni moja. Kwa wahandisi ni sawa. Katika karatasi ya kijiji ni kama kuandika kwa lugha ya watu wengine. Ziko amri za kuizuia isifanye hivyo, na anayechora kwa ajili ya watu hana budi kuzitumia.

Cha pili ni mpango wa majina. Tuseme mkulima wa mwani ameandika kila gunia alilovuna na mwezi aliolivuna, mwaka mzima, kisha akaipa R orodha hiyo aiambie ihesabu magunia ya kila mwezi na kuchora. Mashine itaipanga miezi kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, Septemba. Aprili ya masika imekaa pembeni mwa Agosti ya kusi, Januari imekuja baada ya Februari, na Machi imetengwa na wenziwe wa kaskazi. Kilimo cha mwani kilianza katika vijiji vyetu vya mashariki mwaka 1989, na kila mama aliyekwenda nacho tangu hapo anajua kuwa maji yakipata joto la kaskazi mwani huugua. Picha hiyo ya alfabeti ingelificha jambo hilo hilo analotaka kulionyesha. Inambidi aiambie mashine kwa amri mpango wa miezi ni upi. Mashine haimjui Januari.

Majina marefu nayo yana shida yake. Andikeni majina ya vijiji kumi chini ya mihimili iliyosimama, mtaona nafasi haitoshi. Na R, badala ya kuyabana, huacha kuandika baadhi yake kimya kimya. Kijiji chako chaweza kukosa jina kwa sababu hiyo tu. Dawa ni kuyageuza majina kwa neno las = 2, au kuilaza mihimili yote kwa neno horiz = TRUE. Na hapo tumerudi kwa bwana Playfair, aliyeilaza tangu mwanzo.

Sasa tufike kwenye hila kubwa kuliko zote. Chukueni tena uchelewa wa 2012, milimita 130, na wa 2022, milimita 189. Wa pili haujafika mara moja na nusu ya wa kwanza. Sasa pimeni kutoka kwenye mguu wa kila mmoja milimita 120, mkate, mtupe. Simamisheni vipande vilivyobaki. Kimoja ni milimita 10, kingine ni milimita 69, karibu mara saba! Hakuna namba iliyobadilishwa. Kipimo pembeni kitasema kweli kuwa kinaanzia 1,200,000. Lakini nani husoma kipimo? Jicho husoma urefu, na urefu umesema uongo.

Nataka mjue kuwa R yenyewe haifanyi hivyo. Amri yake ya mihimili huanzia sifuri. Tena ukiilazimisha kipimo kianzie 1200, miguu ya mihimili hutokeza chini ya mstari, ikining'inia ovyo, kana kwamba mashine inaona haya. Ili kuificha miguu hiyo inabidi uongeze amri nyingine. Kwa hiyo unapoona mhimili uliokatwa mguu katika picha iliyochorwa kwa R, ujue kuwa mtu ameagiza, na ameagiza mara mbili. Programu nyingine si wakali hivyo. Nyingine hukata zenyewe, na mchoraji wala hana habari. Kwako wewe msomaji ni mamoja. Kabla ya kutazama mhimili upi mrefu, tazama mguu wake umesimama juu ya namba gani.

Mtu ataniuliza: je, kila picha ni lazima ianzie sifuri? La. Tukichora joto la bahari ya Bwejuu kwa mstari, tofauti ya digrii mbili au tatu ni kubwa kwa mwani, na tukianzia sifuri haitaonekana. Mstari hutazamwa kwa kupanda na kushuka kwake, kwa hiyo waweza kuanzia digrii 20. Mhimili hutazamwa kwa urefu wake wote, kutoka mguuni mpaka kichwani. Ndiyo tofauti yao. Anayetaka kuonyesha joto, achore mstari, auache mhimili.

Kazi ya wiki hii. Kila mwanafunzi aandike hesabu ya kitu chake kwa siku saba, kuanzia kesho: nazi, mafungu ya kamba, wageni waliopita dukani, ndoo za maji. Achore mihimili saba katika daftari kwa penseli, ikianzia sifuri, siku zikifuatana kama zinavyofuatana na si kwa alfabeti, na kipimo kimeandikwa pembeni kwa neno zima. Kisha abadilishane daftari na jirani yake bila ya kumweleza chochote. Jirani aandike chini ya picha kwa maneno yake mwenyewe ameona nini. Mwalimu wa darasa akusanye madaftari siku ya Alkhamisi. Chelewa zilizobaki zirudisheni kwenye ufagio.